Namna ya Kushughulikia Dhambi Uliyoitenda Bila Kukusudia

Mtu akionyeshwa kosa ambalo hakulitarajia, neno la kwanza kumtoka kinywani huwa "sikukusudia". Mara nyingi neno hilo ni la kweli, na Maandiko hayalidharau, kwa maana zipo sura nzima zilizoandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Hata hivyo, anayefungua Mambo ya Walawi sura ya 4 akitumaini kusoma kwamba asiyekusudia hana hatia, atakuta kitu kingine kabisa. Sura hiyo huanzia pale ambapo sisi hupenda kumalizia: mtu amekosa, hakukusudia, sasa amejulishwa; basi na alete sadaka yake. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kuanzia siku unapogundua ulichokifanya hadi siku unapoziba upenyo uliokipitisha.

Tambua kosa lako ni la aina gani

Neno la Kiebrania linalotumika katika Walawi 4 na Hesabu 15 ni shegaga, nalo lina undugu na kitenzi kinachotumika katika Ezekieli 34:6 kwa kondoo waliotangatanga milimani. Picha yake ni ya mnyama aliyepotea njia akiwa anatafuta majani tu, bila nia ya kumtoroka mchungaji. Kabla ya kufanya lolote, kaa chini ujiulize ulipoteaje, kwa sababu Maandiko yanaonyesha njia zaidi ya moja za kupotea.

Kuna asiyeijua sheria yenyewe. Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake, Mfalme Yosia alisomewa kitabu cha torati ambacho kuhani Hilkia alikuwa amekiona hekaluni, akararua mavazi yake kwa kutambua kwamba taifa lilikuwa likiishi kinyume cha maneno ambayo hata yeye hakuwahi kuyasikia (2 Wafalme 22). Kuna anayeijua sheria lakini haujui ukweli wa jambo lililo mbele yake, kama Abimeleki mfalme wa Gerari, aliyemtwaa Sara baada ya kuambiwa kwamba ni dada yake Ibrahimu. Kuna ambaye mkono wake umeteleza tu: mfano wa Kumbukumbu la Torati 19:5 ni wa mtu aliyekwenda mwituni na mwenzake kukata kuni, chuma cha shoka kikachomoka katika mpini na kumpiga mwenzake akafa. Na kuna aliyesahau au aliyeropoka, ambaye Walawi 5:1-4 inamweka katika orodha moja na aliyegusa kitu najisi bila kufahamu, na aliyeapa kwa haraka bila kupima maneno yake.

Kinyume cha hawa wote ni mtu anayetenda "kwa mkono ulioinuliwa", ndivyo Kiebrania cha Hesabu 15:30 kinavyosema, yaani anayejua, anayetaka, na anayemdharau Mungu waziwazi. Mstari kati ya makundi haya mawili si mwembamba sana, lakini sisi wenyewe huufanya uwe mwembamba tunapotaka kujipendelea. Kipimo ninachokitumia ni maswali mawili. Kama mtu angekuonya dakika moja kabla ya tendo, ungeacha? Na ulipoonywa baada ya tendo, uliacha? Ukijibu hapana kwa lolote kati ya hayo, usijihesabu pamoja na wenye shoka. Vilevile, mtu aliyekwepa kuuliza kwa sababu alihofia jibu hawezi kujiita asiyejua. Huyo alijua vya kutosha hata akachagua kutojua zaidi.

Ikiwa katika kujichunguza umegundua kwamba kosa lako lilikuwa la makusudi, usidhani kwamba mlango umefungwa. Walawi 6:1-7 inamzungumzia mtu aliyemdhulumu jirani yake na kuapa uongo juu yake, jambo ambalo hakuna awezaye kulifanya kwa bahati mbaya, na bado anapewa njia ya kurejesha na kuleta sadaka ya hatia. Daudi alipata rehema baada ya mambo mazito kuliko hayo. Njia ya mtu huyo ni toba yenye mwendo wake wenyewe, nami siizungumzii hapa.

Utumie udhuru wako kwa kiasi chake

Kutokujua kunapunguza uzito wa kosa. Yesu alisema wazi katika Luka 12:47-48 kwamba mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende atapigwa sana, na asiyejua, naye amefanya yastahiliyo mapigo, atapigwa kidogo. Kidogo, lakini atapigwa. Petro aliwaambia watu wa Yerusalemu kwamba walimsulubisha Masihi kwa kutokujua kwao, nao wakuu wao vivyo hivyo, na bila kupumzika akaendelea kuwaambia watubu (Matendo 3:17-19). Paulo naye anasema alipata rehema kwa kuwa alitenda kwa ujinga na kwa kutokuwa na imani, na mistari miwili tu mbele anajiita wa kwanza wa wenye dhambi (1 Timotheo 1:13-15). Hakuna hata mmoja kati yao aliyelitumia neno "sikujua" kufunga mazungumzo. Kwao lilikuwa sababu ya kuwa na tumaini la kusamehewa, na kwa hiyo sababu ya kuomba msamaha.

Wapo wanaouliza ni haki gani kumhesabia mtu hatia kwa jambo ambalo hakulitaka. Swali hilo lilinisumbua hata mimi, mpaka siku moja lilipojibiwa na mtu niliyemkosea. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi kidogo cha waamini. Mwenzetu mmoja alileta mchango wake kwa ukamilifu, nami nikauandika kwenye mstari wa mtu mwingine, jina lililokuwa chini ya lake. Kwa miezi mitatu jina lake lilisomwa katika orodha ya wasiotoa. Kosa lilipofichuka nilimwendea mbio nikamwambia kwamba sikukusudia. Akanijibu kwa upole, "Najua hukukusudia. Lakini waliokuwa wakinitazama kila mwezi hawakuwa wakitazama nia yako."

Jibu hilo ndilo maelezo mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia ya Walawi 5:17, aya inayosema kwamba mtu akitenda lililokatazwa, hata kama hakulijua, ana hatia naye atauchukua uovu wake. Nia inakaa ndani ya mtenda, ilhali tendo limekwishatoka nje, limemfikia mtu mwingine, na limeacha alama mbele za Mungu. Sheria ya upatanisho inashughulikia alama hiyo.

Acha mara moja

Kisa cha Abimeleki katika Mwanzo 20 kinafaa kusomwa polepole na kila aliyejikuta katika hali hii. Mungu alimtokea katika ndoto usiku. Abimeleki alijitetea kwamba alifanya kwa unyofu wa moyo na kwa mikono safi, na Mungu akakubaliana naye: ndiyo, anajua kwamba alitenda kwa unyofu wa moyo, na ndiyo sababu alimzuia asimguse mwanamke yule. Mtu angetarajia kesi iishie hapo. Badala yake Mungu anamwambia amrudishe mwanamke kwa mumewe, na kwamba asipomrudisha atakufa yeye pamoja na wote alio nao. Unyofu wake ulihesabiwa hadi dakika ile ya kujulishwa; kuanzia hapo, kila saa ambayo Sara angeendelea kukaa katika nyumba yake ingekuwa saa ya kujua.

Abimeleki aliondoka asubuhi na mapema, akawaita watumishi wake na kuwaambia yote. Akamrudisha Sara, akatoa kondoo, ng'ombe, watumwa na vipande elfu vya fedha ili kumwondolea aibu mbele ya watu, kisha Ibrahimu akamwombea. Kwa hiyo, kama umegundua kwamba unakaa na mali isiyo yako, acha kuitumia leo. Kama habari uliyoieneza imethibitika kuwa ya uongo, usingoje kupata maneno mazuri ya kuisahihisha. Acha kwanza kuisema. Mpangilio wa maneno utafuata baadaye.

Ungama kwa kulitaja kosa lenyewe

Walawi 5:5 inaagiza kwamba mtu akipatikana na hatia katika mojawapo ya mambo yale, ataungama jambo lile alilolikosa. Kuungama kwa jumla kwamba sisi sote ni wakosefu kuna mahali pake katika ibada, lakini hapa hakutoshi. Mwenye kuungama anatakiwa kulitaja tendo, kumtaja aliyeumizwa, na kutaja kilichoharibika.

Linganisha maungamo haya mawili. La kwanza: "Ndugu yangu, kama kuna mahali nimekukosea, naomba unisamehe." La pili: "Ndugu yangu, nilisema mbele ya wenzetu kwamba ulikataa kusaidia. Nimegundua kwamba hukuwahi kuombwa. Nilisema jambo ambalo si kweli, nawe ukaonekana mbaya kwa ajili yangu. Naomba unisamehe, na nitawaambia wale walionisikia." La kwanza linamtwika aliyekosewa kazi ya kutafuta kosa, la pili linambakizia kazi moja tu, ya kusamehe au kuomba muda. Neno "sikujua" linaweza kuingia katika ungamo la pili, lakini liwekwe mwishoni na liwe fupi, kwa sababu likitangulia, msikilizaji atahisi kwamba umekuja kujitetea.

Mbele za Mungu fanya vivyo hivyo, na umfanyie yeye kwanza. Ahadi ya 1 Yohana 1:9 imefungwa katika tendo hilo: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote."

Rudisha, na uongeze sehemu ya tano

Mtu aliyekosa pasipo kukusudia katika vitu vitakatifu vya Bwana, kwa mfano kwa kula au kutumia kilichokuwa cha hekalu, alipaswa kulipa alichokipunguza, kuongeza sehemu ya tano juu yake, na kuleta kondoo mume kuwa sadaka ya hatia (Walawi 5:15-16). Kanuni hiyo hiyo ya sehemu ya tano inarudi katika Walawi 6:5 na Hesabu 5:7 kwa aliyemkosea jirani. Kwa hesabu ya kawaida, aliyechukua magunia matano ambayo si yake anarudisha sita.

Ni kweli kwamba aya za jirani zinahusu zaidi udanganyifu, na sipendi kuifanya sehemu ya tano kuwa amri kwa kila aliyekosea hesabu bila kujua. Lakini sababu yake ni rahisi kuiona. Mwenye mali alikosa pia matumizi ya mali yake kwa muda wote ilipokuwa mbali naye, na kumrudishia kiasi kile kile ni kumwacha akiwa amepungukiwa. Kama una uwezo, ongeza. Kama huna, mwambie ukweli na mpatane namna ya kulipa kidogo kidogo.

Utaratibu wa siku nao una maana. Walawi 6:5 inataka malipo yatolewe siku ile ile mtu anapoleta sadaka yake ya hatia, na Yesu anakwenda mbele zaidi katika Mathayo 5:23-24: aliyekumbuka akiwa madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na aiache sadaka pale pale, aende kwanza kupatana. Hesabu 5:8 inafikiria hata kesi ya aliyedhulumiwa ambaye hayupo tena na hana jamaa wa karibu wa kupokea malipo. Hapo malipo hupewa Bwana, kupitia kwa kuhani. Deni halifutiki kwa sababu mwenye kulidai amekufa.

Visivyopimika, kama sifa ya mtu au imani aliyovunjiwa, hurudishwa kwa kupita njia zile zile ambazo madhara yalipita. Ikiwa uliyasema mbele ya watu kumi, kwenda kuomba msamaha faraghani hakujasahihisha chochote kwa wale kumi. Katika kisa changu cha mchango, nililazimika kusimama katika kikao kijacho na kusoma sahihisho kwa sauti ile ile niliyosomea orodha, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani.

Elewa upatanisho unafanya nini

Wengi huharakisha sehemu hii kwa kudhani kwamba sura za sadaka ni orodha ya wanyama. Mimi naona kwamba ndipo mahali penye utajiri mwingi kuliko pote katika somo hili.

Tazama kwanza damu inakwenda wapi. Katika Walawi 4, kuhani hampaki damu mtu aliyekosa. Damu inapelekwa katika patakatifu, kana kwamba kosa la mtu aliyekuwa shambani au nyumbani limefika kule na kuacha doa, na doa hilo ndilo linalosafishwa. Tazama pia linafika umbali gani. Kuhani aliyetiwa mafuta akikosa, huleta ng'ombe dume mchanga asiye na kilema, na damu yake huingizwa ndani ya hema, ikanyunyizwa mara saba mbele ya pazia na kutiwa katika pembe za madhabahu ya uvumba. Mkutano wote ukikosa, utaratibu ni huo huo, na wazee ndio wanaoweka mikono juu ya kichwa cha mnyama. Mtawala akikosa, huleta mbuzi mume, na damu yake huishia nje, katika pembe za madhabahu ya sadaka ya kuteketezwa. Mtu wa kawaida huleta mbuzi jike au kondoo jike, na damu huwekwa pale pale nje.

Maana yake iko wazi hata bila mhubiri kuieleza. Kosa lisilokusudiwa la kiongozi wa ibada linapenya ndani kuliko la mtu wa kawaida, na linahitaji mnyama mkubwa zaidi kulitoa. Kwa hiyo wewe uliye mchungaji, mwalimu au mzee wa kanisa, ukipotosha watu kwa fundisho ulilolishika vibaya, usijipime kwa kipimo cha muumini aliyekusikiliza. Kosa lake na lako si la uzito mmoja, ingawa wote wawili hamkukusudia.

Sheria hiyo hiyo inayomdai mkubwa zaidi inamshukia maskini kwa huruma. Asiyeweza kondoo katika makosa ya Walawi 5 aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asiyeweza hata hao alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, takriban lita mbili, bila mafuta wala ubani, na kuhani alifanya upatanisho kwa ajili yake kwa konzi ya unga huo. Waraka kwa Waebrania 9:22 unasema kwamba katika Torati karibu vitu vyote husafishwa kwa damu, na nadhani neno hilo "karibu" lilimkumbuka mtu mwenye unga. Hakuna aliyezuiwa kusamehewa kwa kukosa mali.

Mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, damu iliingia ndani kabisa, nyuma ya pazia. Walawi 16 inaeleza jinsi Haruni alivyotoa kwanza ng'ombe kwa ajili yake na nyumba yake, kisha mbuzi mmoja kati ya wawili waliopigiwa kura, na jinsi alivyoungama maovu yote ya wana wa Israeli juu ya kichwa cha mbuzi wa pili, aliyepelekwa jangwani. Mwandishi wa Waebrania anapoikumbuka siku hiyo katika 9:7, anasema kwamba kuhani mkuu aliingia na damu kwa ajili ya nafsi yake na kwa ajili ya dhambi za kutokujua za watu. Baada ya hekalu la Yerusalemu kubomolewa na Warumi mwaka wa 70, Wayahudi waliendelea kuishika siku hiyo kwa kufunga, toba na sala, na usiku unaoifungua husomwa Hesabu 15:26, mstari unaotangaza msamaha kwa mkutano wote na kwa mgeni akaaye kati yao, kwa kuwa watu wote walikosa pasipo kujua.

Kwa Mkristo, Waebrania inafundisha kwamba Kristo aliingia mara moja tu, kwa damu yake mwenyewe, na kwamba kama miili ya wanyama wa sadaka ile ya ndani ilivyochomwa nje ya kambi, naye aliteswa nje ya lango (13:11-12). Kwa hiyo leo hutafuti mnyama, wala hujitesi ili kulipa. Kuitegemea sadaka hiyo kwa vitendo ni kumwambia Mungu kosa kwa jina lake, kukubali kwamba unyofu wako wa moyo haukukusafisha, na kupokea kwa imani kwamba damu ya Yesu inasafisha dhambi yote, hata ile uliyoijua leo asubuhi ilhali uliitenda miaka kumi iliyopita. Paulo alikataa kuitegemea dhamiri yake tulivu: "Kwa maana sijui neno juu ya nafsi yangu, lakini sihesabiwi haki kwa ajili hiyo" (1 Wakorintho 4:4).

Ikiwa madhara hayarudishiki

Kuna makosa ambayo hakuna sehemu ya tano inayoyatosha. Mwenye shoka aliyemuua mwenzake hawezi kumrudisha. Kwa ajili yake Israeli walitenga miji sita ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi wa Yordani, na Beseri, Ramothi na Golani upande wa mashariki (Yoshua 20:7-8). Alipofika alisimama langoni na kueleza habari zake masikioni mwa wazee, kisha akasimama mbele ya mkutano ili ahukumiwe. Walipothibitisha kwamba hakuwa na uadui na marehemu, alilindwa dhidi ya mwenye kulipiza kisasi cha damu, lakini alipaswa kukaa mjini humo hadi kifo cha kuhani mkuu, wala hakuruhusiwa kutoa fidia ili arudi kwao mapema (Hesabu 35:25-32).

Mambo mawili yanashikwa pamoja hapo, na mtu aliyesababisha kifo au kilema kwa ajali anayahitaji yote mawili. Hakuwa muuaji, na hakuna aliye na haki ya kumtendea kama muuaji. Wakati huo huo maisha yake yamebadilika, na jamii haikumruhusu arudi kwao kesho yake kana kwamba halijatukia neno. Ukiwa katika hali hiyo, nenda ukaseme ukweli mbele ya wenye mamlaka ya kusikiliza, usiwakabili jamaa wa aliyeumia kwa haraka ya kutaka wakuondolee mzigo, na kaa miongoni mwa watu watakaokulinda na ambao pia wanakijua kisa chako chote.

Kuhusu dhambi ambazo bado huzijui

Zaburi 19:12 inauliza, "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Unitakase na mambo ya siri." Sala hiyo inatosha kwa yale usiyoyajua, na inafaa kuombwa mara kwa mara, pamoja na ile ya Zaburi 139 inayomwomba Mungu auchunguze moyo. Mwenye kuchunguza ni Mungu, nawe hukupewa kazi ya kufukua kila siku iliyopita kutafuta hatia. Walawi 4 humdai mtu sadaka pale anapojulishwa dhambi yake.

Wenye dhamiri nyepesi hawakuanza jana. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Keritoti, inasimulia habari za Bava ben Buta aliyekuwa akileta sadaka ya hatia ya mashaka kila siku, ila siku moja tu baada ya Siku ya Upatanisho, kwa hofu kwamba huenda amekosa mahali. Hata siku hiyo angeileta kama wangemruhusu. Walimwambia angoje mpaka aingie katika shaka. Ninampenda mzee huyo, lakini nawashauri wenye tabia kama yake wawasikilize waliomwambia angoje. Kama umeungama jambo moja mara tano na bado unaliungama, tatizo lako si tena kosa lile, na ni vyema uzungumze na mtu mzima wa imani anayeweza kukutuliza.

Ukimwona mwingine amepotea bila kujua

Mtu hujulishwa na mtu. Wagalatia 6:1 inasema kwamba mtu akighafilika katika kosa lolote, walio wa Roho wamrejeze kwa roho ya upole, wakijiangalia nafsi zao. Mwendee peke yake, mwambie ulichokiona bila kumwambia alichokuwa akifikiri, na umpe nafasi ya kushtuka. Akishtuka, hiyo ni dalili njema.

Ziba upenyo

Daudi alipolipandisha sanduku la agano mara ya kwanza, alilipakia katika gari jipya. Ng'ombe wakakunguwaa, Uza akanyosha mkono kulishika, akafa. Alipojaribu tena, Daudi hakuishia kuwa mwangalifu zaidi na gari. Alirudi kwenye agizo na kuwaambia Walawi kwamba walipigwa kwa kuwa hawakumtafuta Mungu kama ilivyoamriwa (1 Mambo ya Nyakati 15:13), na safari hiyo sanduku lilichukuliwa mabegani kwa miti yake. Wewe nawe tafuta chanzo. Torati iliwaagiza wanaojenga nyumba mpya waweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba (Kumbukumbu la Torati 22:8), na ukingo huo ulijengwa kabla mtu yeyote hajaanguka.

Haraka ya kufanya hivyo inaonekana katika Kutoka 21:28-30. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe hupigwa mawe na mwenyewe huachiliwa. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa lakini hakumzuia, basi mwenye ng'ombe naye hufa, isipokuwa akitozwa ukombozi. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichoongezeka ni onyo, nalo limeliondoa tendo la pili katika kundi la yasiyokusudiwa.

Katika kikundi chetu, tangu siku ile ya sahihisho, kila mchango unaandikwa mbele ya aliyeutoa, naye anasoma mstari wake kabla daftari halijafungwa.